Mmoja Mmoja Hadi Kwenye Mwamba

Kwanza niwataje waliokuwepo. Alikuwepo Kasereka, mwanamume wa Mutwanga ambaye zamani aliwapeleka watalii juu ya mlima Ruwenzori, kabla watalii hawajaacha kuja. Alikuwepo Mama Furaha na watoto wake wawili: Furaha, msichana aliyeanza kumfikia mama yake begani, na Baraka, ambaye alitembea kidogo na kubebwa sana. Na tulikuwepo sisi watatu wa nyumba moja: mimi Masika, mdogo wangu Muhindo, na kitindamimba wetu Aline. Wengine hawakuwepo. Ukikutana na mtu anayesema aliona, na jina lake halimo hapa, hakuona.

Ninaanza hivi kwa sababu ndivyo nyanya yangu alivyonifundisha. Katika ukoo wetu, anayeleta habari ya kifo hutaja kwanza walioshuhudia, ili anayesikia ajue wengine wa kuwauliza. Baada ya hapo ndipo anaruhusiwa kueleza.

Siku mambo yalipoanza nilikuwa nikigeuza kakao. Tulikuwa tumeitandaza uani juu ya turubai, na kazi yangu ilikuwa kupita na reki ya mbao ili jua lisichome upande mmoja. Nilikuwa nimeacha shule tangu baba alipofariki kwa ugonjwa. Mama aliniambia siku ile ya kuacha, "Masomo yatakungoja, Masika. Kakao haingoji." Hakusema kwa ukali. Alikuwa anahitaji mikono, na mikono mikubwa nyumbani, baada ya yake, ilikuwa yangu.

Aline alikuwa amekaa kwenye ngazi ananyonya ule utando mweupe mtamu wa kakao mbichi. Muhindo alikuwa anamchokoza.

"Umemeza mbegu. Kesho mti utatokea sikioni."

"Nimetema!"

"Nimekuona. Tutakuvuna, tukuuze kwa kilo."

"Yaya, mwambie aache!"

Yaya, yaani dada mkubwa, ndivyo walivyoniita; niliwaambia wote wawili wanyamaze. Juu yetu mawingu yalikuwa yamefunguka, jambo ambalo kule halitokei kila siku, na mlima ulionekana mpaka kwenye weupe wake. Baba alikuwa akitutania kwamba ule weupe ni chumvi ya Mungu, ameianika juu ili majirani wasiombe. Tulizaliwa chini ya theluji, tukanywa maji yake mtoni, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuigusa.

Mama alikuwa shambani. Mchana tukasikia bunduki upande ule.

Hakurudi jioni. Asubuhi wanaume wa mtaa walimleta juu ya machela ya miti. Tulimzika siku hiyohiyo, haraka, bila watu kuketi matanga, kwa sababu watu wa msituni, wale wenye bunduki, walikuwa bado karibu na kila mtu alikuwa anafunga mizigo. Tangu hapo wadogo zangu wawili wakawa wananitazama mimi kabla ya kufanya jambo lolote, hata kabla ya kula.

Barabara ya kwenda mpakani ilikuwa imekatwa. Magari yalichomwa, na waliojaribu kupita kwa miguu walirudi wachache. Tulikuwa tunalala kanisani pamoja na familia nyingi. Kasereka akaja, akasimama mlangoni na fimbo yake, mti mgumu wenye ncha ya chuma, akasema kwa sauti ya kawaida:

"Njia ya chini imefungwa. Ya juu ni mbaya, lakini haina bunduki. Mimi naijua. Nikiwafikisha ng'ambo, nitazunguka nirudi Butembo kwa mke wangu."

Mkewe, Kavira, alikuwa ametangulia Butembo na watoto.

Wengi walicheka, kile kicheko cha uchovu. Mzee mmoja akamwambia theluji ni ya kutazamwa, haitembelewi. Mimi nilimtazama Kasereka viatu. Vilikuwa vimeshonwa upya mara nyingi, na kila mshono ulikuwa wa mtu anayetarajia kurudi nyumbani. Nikawashika wadogo zangu mikono, nikamwambia tunakwenda.

Mama Furaha naye akasimama. Hakuwa mtu wa kwetu. Alikuja kutoka kijiji kingine kilichoshambuliwa kabla ya chetu. Usiku wa kukimbia alikuwa na watoto watatu. Katikati ya msitu, katika kusukumana na giza, mkono wa yule wa kati, Riziki, ulimponyoka. Alimwita mpaka watu wakamziba mdomo. Tangu siku hiyo alijifunga kitenge kiunoni, akawafunga Furaha na Baraka kwa ncha zake, na hakukifungua hata alipokwenda haja. Hakuna aliyemshangaa. Sote tulikuwa tumejifunza somo lile: ukikimbia, usiachie mkono. Mimi nilikuwa nimemshika Aline mpaka vidole vyake vikawa na alama.

Tulipanda. Msitu kwanza, halafu mianzi, halafu ile miti yenye ndevu za ukungu ambako mguu unazama kwenye matope hadi goti. Tulikula unga wa muhogo na ndizi za kuchemsha. Kasereka alimbeba Baraka kila Mama Furaha alipochoka, na kwa sababu ya kitenge ilimbidi atembee karibu naye sana, wakigongana kama watu wanaobeba kabati. Muhindo alipata la kusema, kama kawaida yake.

"Mzee Kasereka, na wewe umefungwa?"

"Mimi ni mzigo wa Mama Furaha," akajibu. "Akinichoka atanishusha."

Mama Furaha alicheka. Ni mara pekee niliyomsikia.

Jioni ya mwisho tulifika chini ya mwamba ulioinama, mahali ambapo watalii walikuwa wakipumzika. Ilinyesha, halafu sauti ya mvua ikaisha, nikafikiri imekoma. Kumbe ilikuwa inaanguka theluji. Asubuhi dunia ilikuwa nyeupe mpaka miguuni mwetu. Aline alichota kwa kidole, akaonja.

"Yaya," akasema, "si chumvi."

Mbele yetu kulikuwa na mteremko, na ng'ambo ya mteremko mwamba mweusi, na nyuma ya mwamba pengo ambalo Kasereka aliliita mlango. Ukipita mlango unaanza kushuka upande wa Uganda. Chini ya mteremko hapakuwa na kitu; uliishia kwenye ukingo, na baada ya ukingo korongo lenye ukungu.

Kasereka alisogea mwanzoni mwa mteremko, akachomeka fimbo. Iliingia kwa urahisi, kisha ikagonga. Akachomeka pengine. Iliingia, ikagonga. Alirudi akatuketisha, akatuambia kwa maneno ambayo ninayakumbuka mpaka leo.

"Hii theluji ya juu ni mgeni. Imefika usiku. Chini yake kuna barafu ya zamani, ngumu, laini kama sahani. Mgeni hajashikana na mwenyeji. Sasa hivi baridi inamshikilia. Jua likifika hapa, atateleza. Kwa hiyo tutavuka sasa, na tutavuka mmoja mmoja. Mtu anakwenda peke yake hadi kwenye mwamba. Akifika, ndipo mwingine anaanza. Msisogeleane. Msishikane."

Mama Furaha alishika fundo la kitenge chake.

"Batoto bangu siwezi kubaachilia," akasema.

"Mama, uzito wenu pamoja utaivunja."

"Nilimwachia mmoja. Unajua nilimwachia mmoja?"

"Najua, mama."

"Basi usiniambie tena."

Kasereka hakubishana. Alivuka kwanza, polepole, akikanyaga mara mbili kila hatua ili atuachie vishimo vya miguu. Alifika kwenye mwamba, akarudi katika nyayo zilezile. Alituvika magunia miguuni, akayafunga kwa kamba za migomba. Kisha akanitazama, kwa sababu alijua mimi ndiye nitakayeamua kwa ajili ya wangu.

Nilimtanguliza Muhindo. Hakutania. Alivuka macho yakiwa kwenye nyayo, akafika, akapanda juu ya mwamba, akainua mkono.

Halafu Aline.

"Yaya, unishike."

"Sitakushika."

"Kidogo tu."

"Mtazame Muhindo. Usinitazame mimi. Nenda."

Nilifungua vidole vyake kimoja kimoja kutoka kwenye mkono wangu. Tangu mama alipozikwa sikuwa nimeuachia mkono ule mchana wala usiku. Nilimwona akiwa mdogo juu ya ule weupe, sweta la mama likimfika magotini, akiweka mguu katika kishimo, kisha mguu mwingine katika kishimo. Sikumwita. Kasereka alikuwa amesimama karibu nami, na nilisikia kwamba naye hapumui.

Alifika. Muhindo akamvuta juu.

Zamu yangu ilipofika, Kasereka alinipa fimbo yake.

"Wewe?" nikamwuliza.

"Mimi nitahitaji mikono miwili. Nishikie. Utanipa ng'ambo."

Nilivuka. Niliposimama kwenye mwamba na kugeuka, niliona mstari wa jua. Ulikuwa umetokea kwenye kilele cha upande wa pili na unashuka juu ya theluji kama mtu anayevuta shuka.

Ng'ambo kule walikuwa bado wanazungumza. Nilimwona Kasereka amechuchumaa, akinyoosha mikono kumwomba Baraka. Nilimwona Mama Furaha akitikisa kichwa.

Kisha alianza kuvuka, na watoto wote wawili wamefungwa kwake.

Kasereka alibaki nyuma, kama kanuni yake mwenyewe ilivyotaka.

Walikwenda vizuri. Walikwenda vizuri mpaka katikati. Baraka aliteleza, akaning'inia kwenye kitenge, na mama yake akainama kumwinua. Furaha akavutwa nyuma, akakaa.

Jua liliwafikia.

Nilisikia sauti. Si kubwa. Kama mtu amekaa juu ya godoro. Juu yao ukatokea mstari mwembamba, wa rangi ya bluu, ukakimbia kutoka jiwe hadi jiwe.

Hakuna aliyesogea.

Kasereka aliingia.

Hakukimbia. Alitembea katika nyayo zake, akiwa ametoa panga kiunoni. Aliwapita mama na Baraka, akamwendea Furaha kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa upande wetu wa kitenge na ndiye aliyeweza kutembea. Akakata.

"Nenda," akamwambia. Sauti yake ilitufikia wazi. "Usigeuke."

Furaha akaja.

Nilimwona Kasereka akigeukia Baraka. Nilimwona Mama Furaha akifungua mikono yake mwenyewe. Alikuwa anampa mtoto. Hilo niliona, na yeyote anayesema yule mama alikataa mpaka mwisho ajue mimi nilikuwepo.

Theluji ikaondoka.

Ilikwenda yote kwa pamoja, kama kitambaa kinachovutwa mezani, na wao watatu wakiwa juu yake. Furaha alikuwa amebakisha hatua chache. Nilimnyooshea fimbo, akaishika ile ncha ya chuma, tukamvuta mimi na Muhindo huku chini yake pakiwa na barafu tupu.

Muhindo alitaka kushuka. Nilimkalia. Nilimkalia kabisa, na uzito wangu wote, mpaka akaacha kupigana. Ukingoni hapakuwa na kitu cha kuchimba. Yote ilikuwa imeanguka korongoni, chini ya ukungu. Tuliita. Tulinyamaza tusikilize. Tuliita tena. Aline alianza kutetemeka kwa namna ambayo sikuipenda, na Furaha alikuwa amekaa anatazama kipande cha kitenge kilichobaki kiunoni mwake. Jua lilikuwa juu yetu sasa, na kulikuwa na theluji nyingine juu ya mlango ambayo nayo ilikuwa mgeni.

Nikasema, "Tunaondoka." Nilisema hivyo kwa sauti ya mama yangu. Niliwapanga: Muhindo mbele, halafu Aline, halafu Furaha, mimi nyuma na fimbo. Mmoja mmoja hadi kwenye jiwe. Tuliposhuka mpaka kwenye matope, ndipo tuliposhikana tena mikono.

Wapagazi wa upande wa Uganda walitukuta kwenye njia yao, wakatupa chai. Baada ya hapo ilikuwa kambi, miaka ya kambi, na baadaye Toronto. Walipouliza kambini tuko wangapi katika familia, nilisema wanne. Hakuna ndugu wa Furaha aliyejitokeza kunisahihisha, na yeye mwenyewe hakutaka.

Toronto nimeipenda kwa jambo ambalo sikulitegemea: theluji yake imelala chini. Tunakaa Crescent Town, ghorofa ya juu, na kila baridi inapoanza ninasimama dirishani nikiitazama ikitanda juu ya paa za magari na viwanja. Haina mahali pa kuanguka. Mwaka wa kwanza Furaha alikataa kutoka nje ya jengo. Nilimshika mkono, tukashuka na lifti, tukasimama kwenye uwanja wa watoto, nikamwambia apige mguu chini. Akapiga. Akapiga tena kwa nguvu. Siku hizi ni muuguzi katika mtaa wa Malvern, na hulalamikia theluji kama watu wote wa hapa, kwa sababu ya basi kuchelewa.

Mimi ninapika katika nyumba ya wazee. Nilimaliza masomo yangu ya sekondari katika darasa la watu wazima, nikiwa mkubwa kuliko mwalimu. Mama alisema yangeningoja, na kweli yalingoja.

Anayenitia hofu ni Muhindo. Amekuwa mtu wa milima. Kila baridi husafiri na wenzake kwenda magharibi ya nchi, huko ambako milima ni mikali, wakitembea na mbao za kuteleza miguuni mahali pasipo na njia wala watu. Baridi iliyopita alimwaga vifaa vyake sebuleni kwangu: koleo dogo, ufito mrefu unaokunjwa, na kidude cha kuvaa kifuani kinacholia ili mwenzako akupate ukifukiwa.

"Kabla ya kupita tunachimba shimo," akanieleza, amepiga magoti juu ya zulia. "Unaona matabaka ya theluji kama keki, Yaya. Ukikuta jipya limekaa juu ya gumu na hayajashikana, hamwendi. Mnarudi nyumbani."

"Mgeni na mwenyeji," nikasema.

Akaniangalia. "Mgeni na mwenyeji. Niliwaambia hivyo kwenye mafunzo yetu ya milima. Mkufunzi aliandika."

Aline, ambaye anaelewa kila neno letu lakini hujibu kwa Kiingereza, alisema bila kuinua macho kwenye simu kwamba Muhindo akifukiwa, viatu vile vipya ni vyake.

"Havikutoshi."

Akajibu kwamba atavaa soksi mbili.

Furaha alikuwa jikoni anaosha vyombo. Alifunga maji, akaja na mikono yenye povu, akasimama juu ya vile vifaa.

"Na mnapopita kwenye mteremko," akauliza, "mnafungana kamba?"

"Hapana," Muhindo akasema. "Tunaachana. Anapita mmoja, wengine wanamtazama hadi afike."

"Vizuri," akasema Furaha, akarudi jikoni.

Simkatazi Muhindo. Ninalala usingizi mbaya siku anazokuwa huko, lakini najua alifundishwa na nani, na najua ndani yake mtu yule bado anatembea. Mama Furaha pia simhukumu, na Furaha amenisikia nikisema hivyo mara nyingi. Kanuni yake ilikuwa ya kweli msituni. Aliibeba juu hadi mahali ambapo kanuni ilikuwa nyingine, na alikuwa na sababu ambayo hakuna mtu ana haki ya kuipima. Nilichopoteza mimi kinahesabika kwa majina: mama, na Kasereka, na Mama Furaha, na Baraka. Nilichobaki nacho pia kina majina, na jioni ile kilikuwa sebuleni kwangu kinabishania viatu.

Bado kuna deni.

Fimbo ya Kasereka imesimama nyuma ya mlango wetu. Imepita kambini, imepita kwenye ndege ikiwa imefungwa kwa shuka pamoja na sufuria, na hapa wageni hudhani ni ya kufanyia mazoezi. Hakuniachia iwe yangu. Alisema nimshikie. Kwa hiyo ni ya Kavira, mke wake.

Nilimpata Kavira kwa simu baada ya kutafuta miaka mingi. Yuko Butembo bado, anauza sabuni. Nilipoanza kumweleza alinikatiza.

"Wewe ndiye uliyekuwepo?"

"Ndiyo, mama. Mimi na wadogo zangu."

"Basi usinimalizie kwenye simu. Kwetu mambo haya hayasemwi kwa simu. Utakuja, utaketi, utaniambia mwanzo hadi mwisho, na shemeji zangu watakuuliza. Mpaka hapo mume wangu yuko safarini."

Nguo zake bado zimetundikwa. Matanga hayajaketiwa. Watoto wake wameoa na kuolewa, na katika kila arusi kiti kimoja kimeachwa wazi, si kwa marehemu bali kwa mtu aliyechelewa.

Nina pasipoti sasa. Likizo ninayo. Kinachokosekana ni barabara. Kila mara ninapopanga, vita vinasogea, kijiji kingine kinachomwa, njia inafungwa. Ninampigia Kavira, naye ananizuia mwenyewe.

"Wiki hii usije. Ukifa njiani, nani ataniletea habari yenu wawili?"

"Nitakuja, mama."

"Najua utakuja. Nimekuuliza? Nimesema wiki hii."

Kisha anacheka, ananiuliza kama theluji yetu imeanza.

Nitakwenda. Sijui mwaka gani, lakini katika maisha yangu hakuna jambo nililo na hakika nalo kuliko hilo. Nitaingia nyumbani kwake na fimbo, nitaiweka magotini pake, nitaketi chini. Nitamwambia mume wake aliingia kwa kutembea, bila kukimbia, ili asiwavunjie theluji wale watatu. Lakini kwanza nitataja majina yote, kama nilivyofanya hapa. Mpaka siku hiyo Kasereka bado yuko njiani, na fimbo yake ninayo mimi.